Adui saa tatu: lini niwashe maiki, lini niandike

Saa sita usiku mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu, aligonga mlango wangu akiwa na tochi, fimbo, na vijana wawili nyuma yake. "Nnyabo, humo ndani mko wangapi?" Hedifoni ilikuwa bado imening'inia sikio moja na akili iko kwenye gemu, nikamjibu kile nilichokuwa nakiona kwenye skrini: "Tumebaki kumi na mmoja."

Ninakoishi ni muzigo, kama tunavyoviita Kampala vyumba hivi vya kupanga vilivyopangwa mstari mmoja. Mlango mmoja, dirisha moja, pazia la kutenga kitanda na sigiri. Watu kumi na mmoja hawaenei humo hata wakisimama wima. Mwenyekiti akamulika ndani, akaona kitanda, ndoo ya maji na simu inayotoa milio ya risasi. Ilinichukua muda kumweleza. Vijana wake walielewa mara moja, mmoja hata akauliza niko daraja gani.

Aliyemwita ni jjajja, yaani bibi, wa chumba cha pili. Kwa karibu nusu saa alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta, ananisikia nikipaza sauti: "Mmoja yuko nyuma ya nyumba! Ana bunduki! Mwacheni aingie, nitammalizia mlangoni!" Na yote hayo kwa Kiswahili. Wasomaji wa Mombasa na Dar mtacheka tu, lakini kwa Mganda wa umri wake Kiswahili cha usiku kina historia yake. Miaka ya 70 na 80 hiyo ndiyo lugha aliyokuwa akiisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Masikio ya jjajja hayakuwepo kwenye vikao hivyo.

Mimi Kiswahili nimekipata kambini. Baba alikuwa mwanajeshi, tukakulia Jinja, na jeshi letu limezungumza lugha hii tangu enzi za KAR, jeshi la wakoloni wa Kiingereza. Sasa nauza misumari, saruji na mabomba katika duka la vifaa vya ujenzi Ndeeba, na usiku nacheza PUBG Mobile, gemu ya vita ya kwenye simu ambamo timu zinawindana mpaka ibaki moja, na watu watatu ambao sijawahi kuonana nao: mmoja wa Mombasa, mmoja wa Mwanza, mmoja wa Bunia kule Kongo. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, ingawa kusema kweli ni Viswahili vinne. Nimecheza nao tangu 2019, na kabla yao nilicheza na wageni wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwa hiyo mtu akiniuliza lipi bora kwenye gemu, kuongea au kuandika, nami humuuliza kwanza: ukuta wako ni wa nini?

Sitanii. Watu hubishana juu ya kasi na ufundi, wakasahau kwamba maiki haijui mipaka ya gemu. Inachukua mtoto anayelia, mwadhini, kipaza sauti cha kanisa la jirani, dada anayekuuliza kama umelipa kodi ya nyumba. Halafu sauti yako nayo inatoka nje kwa watu ambao hawakuomba kuisikia. Ukiishi peke yako kwenye nyumba yenye uzio, sehemu hii iruke.

Msimamo wangu ni huu: naandika kwanza. Maiki naiwasha kwa watu ninaowajua, wakati vidole vina kazi nyingine, kisha naizima. Nimefika hapo baada ya kuumia pande zote mbili.

Nianze na wageni. Sauti yangu ni ya kike na haijifichi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nawasha maiki ovyo, nasalimia kila timu niliyopangiwa. Nikisema tu "habari zenu", gemu inageuka kuwa kitu kingine. Wewe msichana kweli? Uko wapi? Una mtu? Tuma namba. Siku moja nilinyamaza tu, sikujibu swali la namba, na nilipopigwa risasi nikaanguka chini, yule aliyekuwa hatua tatu kutoka kwangu alisimama akaniangalia nikiisha damu. Angeweza kuniinua kwa sekunde kumi tu. Hakutaka.

Nilipoacha kuongea na wageni nikabaki kuandika, jina langu la gemu halisemi mimi ni nani, na maneno "nina risasi za ziada, njoo" hayana jinsia. Ghafla nikawa mchezaji kama wengine. Najua kuna programu za kugeuza sauti, na rafiki yangu mmoja anaitumia, anaongea kama mzee mwenye mafua. Mimi naona ni kazi mbili kwa mshahara mmoja. Dada unayesoma hapa, ushauri wangu ni rahisi: ingia kwenye mipangilio, weka maiki na spika kwenye timu pekee, kisha ndani ya timu ya wageni funga maiki kabisa na uandike. Ukishapata watu watatu wenye adabu, sauti itakuja yenyewe.

Kuna jambo lingine la maandishi ambalo watu hulisahau mpaka wahitaji: yanabaki. Mtu akikutukana kwa kuandika, unapiga picha ya skrini, unabonyeza kitufe cha kuripoti, kazi imekwisha. Akikutukana kwa mdomo, umebaki na hasira tu. Ni kweli kampuni zimeanza kusikiliza. Gemu ya Call of Duty ilianza Agosti 2023 kutumia ToxMod, mfumo wa kompyuta unaochuja mazungumzo ya sauti kutafuta matusi na vitisho, lakini ulianzia Marekani Kaskazini na kwa Kiingereza. Mpuuzi wa Kampala anayetukana kwa Kiganda hakuwa na sababu ya kuogopa siku hiyo.

Na mtu yeyote anayekuambia "tutoke hapa, nipe namba ya simu nikutumie zawadi", awe anaongea au anaandika, mfungie. Akaunti nyingi zimeibiwa kwa njia hiyo: unatumiwa nambari za siri kwenye simu yako, anakuomba umsomee, akishazipata humuoni tena.

Lakini nisidanganye, maandishi yanaua. Kwenye simu una vidole gumba viwili tu. Kimoja kinakimbiza miguu, kingine kinalenga na kupiga. Ukifungua kibodi, nusu ya skrini imefunikwa na umesimama katikati ya uwanja kama mlingoti. Nimekufa mara ngapi nikiandika? Mara moja nilikuwa naonya wenzangu kwamba kuna watu juu ya paa. Nilifika "wako ju" nikapigwa kutoka juu ya paa. Nikamalizia sentensi nikiwa maiti, nikaituma, na yule wa Mwanza akajibu, "asante marehemu."

Kwa hiyo risasi zikianza, maiki. Hapo ndipo utagundua kwamba kuongea ni ufundi wenye sheria zake, na kwamba Kiswahili kina mitego ambayo wachezaji wa Kiingereza hawaijui.

Mtego mkubwa ni saa. Mwenzetu wa Mombasa alikuwa ameona kwenye filamu za kivita jinsi wanajeshi wanavyotaja upande kwa saa, kana kwamba umesimama katikati ya uso wa saa: mbele ni kumi na mbili, kulia ni tatu. Akaipenda. Tukiwa ndani ya nyumba moja, duara (eneo salama linalozidi kupungua) limetubana, akapiga kelele: "Adui saa tatu! Saa tatu!" Sisi watatu tukageuka kushoto kwa pamoja. Hebu fikiria saa ya ukutani kwenu ikiwa saa tatu asubuhi. Mkono mfupi uko wapi? Uko kwenye tisa. Yuko kushoto. Mwanza wanasoma saa hivyo, mwenzetu wa Bunia vilevile, na hata Baganda wanasema ssaawa ssatu wakimaanisha muda ule ule ninaofungua duka. Adui alikuwa kulia. Akatumaliza wote wanne, bila haraka.

Tulibishana lobini, ule ukumbi wa kusubiri kabla ya gemu, karibu nusu saa. Mmombasa alisisitiza kwamba tatu ni tatu, namba imeandikwa pale. Sisi tukasema hakuna Mswahili anayesoma namba ya saa, anasoma saa. Mpaka leo hakubali.

Tukajaribu kushoto na kulia. Hapo Kongo ikaleta yake: wa Bunia akishikwa na joto la vita husema "kuume", na sisi wengine tulikuwa tunasikia "umeme", tukadhani stima imekatika kwao. Kumbe kuume ni mkono wa kulia, neno la zamani kabisa ambalo sisi tumeliacha kwenye vitabu na wao bado wanalo mdomoni. Zaidi ya hapo, kushoto kwa nani? Kwako au kwangu? Kama tumeangaliana, vita imekwisha kabla hatujakubaliana.

Kilichotuokoa ni dira iliyo juu ya skrini. Ina nyuzi kuanzia 0 hadi 360, na ni ile ile kwa wote. Ila msizitaje kwa ukamilifu wake. "Mia mbili na arobaini" ni sentensi nzima, ukifika kwenye arobaini mwenzako ameshazikwa. Sisi tunasoma tarakimu moja moja: "Mbili nne sifuri." Kisha idadi, kisha alama inayoonekana, kisha unafunga mdomo. "Mbili nne sifuri, mmoja, ghalani." Basi. Usieleze ulivyomwona wala usiseme "jamani jamani jamani". Na sheria yetu ya mwisho, ambayo imeokoa urafiki: maiti haongei mpaka aulizwe. Hakuna kelele mbaya kama ya mtu aliyekufa mapema anayekufundisha jinsi ya kuishi.

Sasa mtandao, maana hapa Uganda huwezi kuzungumzia sauti bila kuzungumzia bando. Tulitozwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kutumia mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018. Julai 2021 ikaondolewa, ikawekwa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kwa hiyo kila ukifungua mdomo unalipa. Tukiwa kwenye Discord, programu ya kuongea na kuandikiana, chaneli ya sauti kwa kawaida imewekwa kilobiti 64 kwa sekunde. Gawanya kwa nane, zidisha kwa sekunde za saa moja, unapata kama MB 29 kwa saa kwa kila mtu anayeongea mfululizo. Wakiongea watatu kwa pamoja, unapokea mara tatu. Ujumbe wa maandishi wa mstari mmoja haufiki hata KB moja. Mtu akinyamaza, programu haitumi sauti, na ndiyo sababu nyingine ya kumnyamazisha maiti.

Gharama si kubwa kama gemu zenyewe zinavyomeza data zikijisasisha, nakubali. Kinachoniudhi zaidi ni kukatika. Sisi hatuna bahari. Intaneti yetu inashuka hadi pwani ya Kenya au Tanzania ndipo ipande nyaya za chini ya maji, na seva tunayochezea iko mbali zaidi. Mtandao ukiyumba, maandishi huchelewa lakini hufika mazima. Sauti hufika ikiwa na mashimo, na kwa ubaya wa shetani neno linaloanguka shimoni ni lile lenye maana. Utasikia "…ko wawili nyuma ya…" halafu kimya. Nyuma ya nini? Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, tulicheza siku kadhaa bila kusikilizana kabisa. Tuliandika lobini, tukaweka alama kwenye ramani, tukashinda mara mbili. Sijui niseme nini juu ya hilo.

Hizo alama ndizo ningependa mgeni ajifunze kabla ya kununua hedifoni. Februari 2019 gemu ya Apex Legends ilitoka na kitufe kimoja: unaelekeza kwenye kitu, unabonyeza, na mhusika wako anatangaza mwenyewe kama ni adui, silaha au njia, na wenzako wanaona alama mahali pale pale. Gemu nyingine zikafuata haraka. PUBG Mobile ina alama zake pia, na ile orodha ya ujumbe tayari unayoweza kuipanga upya. Panga upya! Watu wanaiacha kama ilivyokuja, imejaa salamu za kipuuzi, wakati wangeweka juu kabisa "nahitaji risasi" na "usitoke".

Nilifundishwa thamani yake na mteja wetu wa dukani, fundi bomba ambaye ni kiziwi. Alikuja kununua viungo vya bomba, akaona gemu kwenye simu yangu, akacheka, akatoa yake. Daraja lake lilinitia aibu. Akaniandikia kwenye karatasi ya risiti kwamba tatizo letu sisi tunaosikia ni kuamini masikio. Yeye huangalia ile ramani ndogo ya pembeni, ambayo huonyesha nyayo na milio ya risasi kama michoro. Anapocheza nasi hatuwashi maiki, ni alama na ujumbe tayari tu, na hizo ndizo gemu zetu tulivu na zenye akili kuliko zote. Katiba ya 1995 inataja lugha ya alama. Skwadi yetu imechelewa tu kidogo kufika huko.

Maandishi nayo yana vichekesho vyake. Kibodi ya simu yangu haikubali kwamba kuna lugha inaitwa Kiswahili. Niliwahi kumuuliza wa Mombasa "uko wapi", simu ikasahihisha, ikatuma "uko wifi?" Akajibu kwa heshima zote: "Wifi yuko jikoni, anakusalimu." Zima usahihishaji wa maneno kabla ya kuingia vitani, au ongeza lugha ya Kiswahili kwenye kibodi yako. Gemu moja nyingine niliyowahi kucheza ilikuwa inachuja matusi kwa herufi, basi kila nikiandika "fukuza" zinatokea nyota tupu, na wenzangu wakadhani nawatukana. Nilijifunza kuandika "kimbiza".

Na msiandike kwa vifupisho ambavyo wenzenu hawavijui. Kijana wa Mwanza hubadili s kuwa x, anaandika "xaxa xixi twende", na wa Bunia, ambaye shuleni amesoma Kifaransa, alikuwa anatumia dakika nzima kuling'amua. Yeye ndiye anayefaidika zaidi na maandishi kuliko sisi wote. Akiongea anaona haya kwa sababu wa Mombasa humsahihisha, eti hakuna "aksanti", ni "ahsante". Akiandika ana muda wa kupanga neno lake, na mipango yake ni mizuri kuliko ya sisi tunaopayuka. Mipango sasa tunaiandika lobini, kabla ya kuruka. Tunashuka wapi, nani anachukua gari, tukitengana tunakutana wapi. Ikishaandikwa hakuna wa kusema sikusikia.

Watoto nitawagusa kwa ufupi tu. Mtoto wa kaka yangu ana miaka kumi na moja na anacheza Free Fire kwa simu ya mama yake. Sauti ya wageni tumemfungia kabisa, na maandishi yao pia. Akitaka kuongea, anaongea na binamu zake. Amenuna, lakini anacheza.

Kuhusu jjajja. Kesho yake nilimpelekea sukari kilo moja na sabuni, nikapiga magoti nikamwomba msamaha, nikamwonyesha gemu yenyewe. Aliangalia kidogo, akauliza kwa nini watu wote hawa hawana shamba la kulima. Tukakubaliana. Baada ya saa nne usiku maiki yangu haikai wazi, nabonyeza ndipo niongee, na naongea kwa sauti ya mtu aliye msikitini. Nikizidisha, yeye agonge ukuta mara moja. Akigonga mara mbili, nizime kabisa. Wale wa skwadi wanaijua sheria hiyo, na wakisikia "nko!" kupitia maiki yangu hunyamaza hata wao, ingawa bibi huyo yuko Kawempe na mmoja wao yuko Mombasa.

Juzi tulikuwa tumebaki timu mbili. Ningeweza kuapa kwamba tumeshinda. Nikamwona wa mwisho anatambaa kwenye nyasi, nikasahau, nikapayuka: "Yuko chini ya mti! Moja tisa sifuri!" Ukuta ukagongwa mara mbili. Nikaachia maiki, nikafungua kibodi, nikaanza kuandika "chini ya m", na akanipiga.